Sifuri ya Kephas

Shanga za Kephas hazikuwaka hata moja.

Subilaga alidhani ameona vibaya. Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kitenge, akatazama tena. Shingoni mwa Lugano shanga tatu ziliwaka rangi ya chungwa. Kwa Baba Ipyana ziliwaka tano, na kwake mwenyewe Subilaga, nne. Kwa Kephas giza tupu, kama uzi wa shanga za kawaida aliouvaa mtu kwa urembo.

"Narudia," alisema. "Kazi iliyo mezani ni mwendo wa punda kwenye tope. Ana magunia mawili ya viazi mgongoni, mvua inanyesha, njia inateremka, mchezaji ameshika kamba. Ina uzito gani? Msitazamane. Wazeni tu."

Wakawaza. Tatu, tano, nne. Kephas, sifuri.

"Labda hajawaza," alisema Lugano. Yeye ndiye aliyekuwa programa wa timu, dada mwembamba asiyeweza kukaa na neno mdomoni. "Haitakuwa mara ya kwanza."

"Nimewaza," alisema Kephas, macho mezani.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa vidole. Mwanzo wa kila duru, yaani kila majuma mawili, watengenezaji wa mchezo walikaa kuzunguka meza, kazi ikatajwa, kila mtu akafumba macho na kunyoosha vidole. Kidole kimoja, kazi nyepesi. Vidole vyote kumi, mzigo wa kuvunja mgongo. Utaratibu huo waliuazima kwa watu wanaotengeneza mifumo ya benki na hospitali, na kwa watu hao ulifaa. Kwenye michezo ulipwaya. Mfumo wa benki ukifanya kazi, umefanya kazi. Mchezo unaweza kufanya kazi vizuri kabisa, punda akatembea, mvua ikanyesha, na mchezaji akapiga miayo. Utamu hakuna anayeweza kusema utapatikana lini. Basi watu wakawa wanadanganya kwa adabu. Waliibia jicho vidole vya mkubwa kabla ya kunyoosha vyao.

Ndipo Makao yakaleta shanga. Makao ya kampuni yalikuwa mbali na Mbeya, na hapo ofisini hakuna aliyekuwa na hakika ni wapi. Ndani ya uzi mlikuwa na waya mwembamba unaosikiliza koo na mshipa wa shingo. Ukiwazia kazi, mwili unasema wenyewe unategemea kubeba kiasi gani. Na mwili hauna adabu.

Kipaza sauti cha darini kikalia kidogo. Sauti ya Makao ilikuwa ya mwanamke, laini, ya mtu ambaye hajawahi kuamka vibaya.

"Sifuri imeonekana. Msimamizi wa duru atatoa kauli leo alasiri."

"Nimesikia," alisema Subilaga, maana msimamizi alikuwa yeye. Kwenye kauli shanga zilifanya kazi nyingine: mtu akisema asichokiamini, ziliwaka.

Akasimama, akavua shanga zake akamvika Kephas, akavaa za Kephas. Akataja kazi upya. Za Kephas zilipokaa shingoni mwake, ziliwaka nne. Zake zilipokaa kwa Kephas, zilizimika.

"Basi uzi ni mzima," alisema.

Baba Ipyana alikohoa, mkono wake wa kulia ukatikisika juu ya meza, akaushika kwa wa kushoto.

Sifuri ina maana tatu tu, na Subilaga alizijua kama anavyojua jina lake. Ama shanga ni mbovu. Ama kazi imekwisha. Ama mtu hana nia ya kuifanya. Ya kwanza ameshaiondoa. Ya pili aliiondoa kwa kufungua hazina, ghala la kampuni ambamo kila mchoro wa mchezo huwekwa. Humo alikuwemo punda mmoja tu, yule wa zamani, anayetembea kama meza inayosukumwa.

Ikabaki ya tatu. Na hiyo Subilaga alishaiona kwingine, kabla hajahamia huku. Kijana mpole vilevile, shanga zikaanza kufifia, watu wakadhani ni uchovu. Siku alipoacha kuja, mchezo mzima ulikuwa umeondoka naye, na timu ikavunjwa.

Alimtazama Kephas akikusanya vitu vyake mezani. Kijana alikuwa na kibao cha kuchorea cha kampuni, kalamu yake, na begi la turubai alilolishika kwapani kama mtu aliyebeba mayai. Begi hilo lilianza lini? Hakukumbuka. Na kwa nini alifika ofisini kabla ya watu wote siku hizi, yeye ambaye zamani alikuwa akija na alama za mto shavuni?

*

Jikoni, wakati wa chakula, Lugano na Kephas walikuwa wameinamiana pembeni. Subilaga alipoingia wakaachana kama watu waliomwagiwa maji.

"Mlikuwa mnasema nini?"

"Tulikuwa tunasifu maharage," alisema Lugano.

"Maharage yameungua."

"Ndiyo maana tunayasifu kwa sauti ndogo, dada Subi."

Kephas alicheka, lakini kicheko chake kilikatika kabla ya wakati. Akachukua begi lake, akaacha sahani haijaisha, akatoka.

"Anaenda wapi?"

"Chooni labda. Nako kunahitaji kauli?"

Subilaga alimwacha. Akaenda kukaa na Baba Ipyana dirishani, ambako ukungu ulikuwa umeficha mji wote, umeacha vyombo vya mizigo tu vikipita angani na taa zao. Baba Ipyana ndiye aliyetengeneza sauti zote za mchezo. Tangu apatwe na kiharusi, alijaza kikombe nusu ili chai isimwagike, na kazi ya duru moja ilimchukua karibu mbili. Kitu ambacho hakikubadilika ni tabia yake. Bado alikataa sauti za kutengenezwa na mashine. Kama mchezo ulihitaji tope, alivaa mabuti akaenda kulikanyaga tope.

"Sakafu haijapanda?" aliuliza.

Aliuliza hivyo kila duru, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa.

"Haijapanda, Baba Ipyana. Uko juu yake."

"Juu kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo kinatosha," alisema, akapuliza chai.

Kasi ni uzito wa kazi mtu anaoumaliza katika duru moja, na sakafu ni nusu ya kasi ya yule mwenye kasi kuliko wote. Ndiyo sheria ya Makao, nayo haina kifungu cha pili. Mmoja wenu akikimbia zaidi, sakafu inapanda, na aliye chini yake shanga zake huzimwa na mlango haumfungukii tena. Hakuna mtu anayekuja kumfukuza. Mlango tu haufunguki. Ndivyo ilivyokuwa kwa Atupele, mchora mandhari. Alisimama nje kwenye baridi akiwa na kapu lake la chakula cha mchana, akidhani ni hitilafu ya umeme.

"Unamwonaje Kephas siku hizi?" Subilaga aliuliza.

"Ana nini?"

"Nauliza tu."

Baba Ipyana alimtazama juu ya kikombe. "Binti, wewe huulizi tu. Tangu nikufahamu hujawahi kuuliza tu."

*

Juu kabisa ya jengo palikuwa na stoo ya viti vibovu. Kamera za Makao hazikufika huko kwa sababu hakuna aliyeona haja. Subilaga alipanda ngazi kwa kunyata, viatu mkononi. Aliona aibu kidogo, kisha akajiambia kwamba msimamizi asiyechunguza ni pambo tu. Akasukuma mlango.

Kephas alikuwa amekaa juu ya kiti kisicho na mgongo, begi limefunguliwa, na magotini ana kibao cha zamani, cha aina isiyounganishwa na kitu chochote.

"Nilijua," alisema Subilaga.

Kijana aliruka, akakikumbatia kile kibao. "Dada Subi. Geuka urudi."

"Nani anakununua?"

"Hakuna anayeninunua. Nakuomba. Hujaona kitu bado. Rudi chini."

"Unaondoka na mchezo wetu kwenye begi la turubai, halafu mimi ndiye nigeuke?"

"Ukitazama, umetuharibia. Nakwambia kweli."

"Wote husema hivyo. Lete."

Hakumpa. Subilaga akamnyang'anya. Kephas angeweza kuvutana naye, alikuwa na nguvu kumzidi, lakini alikiachia, akakaa.

Kwenye kioo kulikuwa na njia ya mteremko, mvua, na punda. Subilaga akaweka kidole kwenye kamba.

Punda akashuka. Mguu wa mbele ukateleza, magunia yakaegama, Subilaga akavuta kamba bila kufikiri. Punda akajishika. Lakini nyuma yake, miguu ile miwili ikafanya kitu kingine kabisa. Ilikanyaga tope kwa madaha, ikatikisa nyonga, ikapata nafasi yake, kama bibi kizee aliyevutwa uwanjani harusini na sasa hataki kutoka. Kisha punda akasimama. Akageuza shingo, akamtazama Subilaga moja kwa moja, akakataa. Subilaga akavuta. Punda akakaza. Akalegeza kamba, na hapo ndipo punda akakubali, akashuka hatua moja, akatikisa nyonga.

Kicheko kilimtoka kabla hajajua. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akamshusha punda tena. Akamtelezesha makusudi. Akamwomba msamaha kwa sauti, msamaha kwa punda wa kuchora, kisha akacheza tena.

"Umefanyaje?" aliuliza, machozi yanamtoka.

"Nilikosea mifupa," alisema Kephas. Ndani ya kila mnyama wa mchezo kuna mifupa isiyoonekana, na mchora mwendo huivika ngozi. "Nilitaka mifupa ya punda, nikachukua ya yule bibi anayecheza kwenye sehemu ya harusi ya mchezo. Miguu ya mbele nilishairekebisha. Ya nyuma ikabaki ya bibi. Nilipokwenda kuifuta, nikamwona anageuka ananitazama. Sijui kwa nini anageuka. Sikumwambia ageuke. Nikakaa naye hivyohivyo, nikamlainisha, mpaka akaisha."

Neno hilo la mwisho likamfikia Subilaga polepole. Kicheko kikakauka.

"Ameisha."

"Ndiyo."

"Kazi imekwisha. Ndiyo sifuri."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini hayuko kwenye hazina? Miezi yote tunatafuta utamu wa mchezo huu, na wewe umeukalia kwenye stoo."

Kephas alijikuna shingo chini ya uzi. "Ningemweka kwenye hazina, kasi yangu ingekuwaje? Mwendo wa punda unakadiriwa kuchukua duru nzima. Mimi nimemaliza kabla haijaanza. Sakafu ingepanda mpaka kifuani kwa Baba Ipyana. Atupele ni mimi niliyemtoa, dada Subi. Nilimaliza kuchora ndege wa mchezo mapema, nikafurahi, nikawaweka. Kesho yake yuko nje na kapu. Tangu hapo mimi na Lugano tukimaliza kitu mapema tunakilaza, tunakitoa taratibu. Safari hii sikujua kama kukadiria kutanifikia kabla sijakitoa."

"Baba Ipyana anajua?"

"Akijua atavua shanga mwenyewe kabla ya jioni. Unamjua."

"Na mimi mkanificha. Mliniona mimi ni jasusi wa Makao."

"Hapana," alisema Kephas, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na hasira. "Wewe ndiye unayetoa kauli. Ungeingia kwenye kibanda cha kauli ukasema sijui, shanga zako zingekubali kwamba hujui. Wangemtuma fundi, na fundi wao huchelewa. Ningekuwa nimeshamtoa punda kidogokidogo. Tulikuficha ili uwe salama, na Baba Ipyana awe salama. Sasa unajua."

Subilaga alikaa juu ya kiti kibovu. Alihisi uzi shingoni, mwepesi kama kawaida.

"Nikivua shanga nikaondoka leo?"

"Basi kauli wataitaka kwangu, na mimi najua."

"Nikisema ukweli?"

"Basi umesema ukweli."

Alifikiri. Hakutaka kuifanya kazi hiyo ya kufikiri, lakini hakukuwa na mtu mwingine wa kumpa. Mchezo ule bila punda yule ulikuwa gunia la viazi. Watoto wangecheka naye, watu wazima wangemwomba msamaha kama yeye alivyomwomba. Kitu kama hicho mtu hukipata mara moja, na kwa makosa. Upande wa pili mzee anayekanyaga tope na mabuti, kikombe nusu. Nani aliwapa mamlaka wao wawili, humu kati ya viti vilivyovunjika, kuamua kipi kibaki?

"Tukamuulize mwenyewe," alisema.

"Ukimuuliza umeshamjibia."

Ilikuwa kweli, na aliichukia.

"Unaweza kumtengeneza tena? Baadaye?"

"Ninaweza kutengeneza punda."

"Nauliza huyu."

"Sijui alikujaje, nitajuaje kumrudisha?"

Chini, mbali, mlango ulifunguka na kufungwa. Ukungu ulikuwa umefika dirisha dogo la stoo. Subilaga alimtazama punda kwenye kioo, amesimama kwenye mvua, ameegama kidogo, anangoja kamba.

"Mfute," alisema. "Asipokuwepo, sitakuwa na uongo wa kusema."

Kephas hakusogea. "Mfute wewe. Aliyejua ni wewe."

Alikuwa na haki. Subilaga akabonyeza. Kibao kikamuuliza kama ana hakika, akabonyeza tena. Njia ikabaki, mvua ikabaki ikinyesha juu ya njia tupu.

Na hapo, aibu ya Mungu, shaka ikarudi ileile, imekaa mahali pake pa siku zote. Mtu gani anamwacha mnyama kama yule bila nakala? Kijana alikuwa na begi. Alikuwa na Lugano. Kama Subilaga ataingia kutoa kauli huku anaamini kwamba punda yuko mahali fulani, shanga zitawaka, hata kama hayuko. Wasiwasi wake peke yake ungetosha kumtoa Baba Ipyana.

"Una nakala?"

"Sina."

"Lugano?"

"Hana."

"Kephas."

"Nimesema sina."

Hakumwamini. Alitaka kumwamini na hakuweza, kama mtu anayetaka usingizi. Akamsogelea, akauweka sawa uzi wa shanga shingoni mwake, kama mama anayemrekebisha mtoto kola.

"Kazi iliyo mezani ni mwendo wa punda kwenye tope. Yule. Ina uzito gani?"

Kephas akafumba macho. Shanga moja ikawaka. Kisha ya pili, ya tatu. Zikaendelea kupanda shingoni taratibu, moja baada ya nyingine, za nyuma ya shingo nazo, mpaka uzi mzima ukawaka na kumwangaza kidevu. Zote kumi. Katika miaka yake yote ya kukaa kwenye meza hizo, Subilaga hakuwahi kuona zote kumi.

"Basi," alisema. "Basi, mdogo wangu. Nimeona."

*

Kibanda cha kauli kilikuwa na kiti kimoja na taa nyeupe.

"Sifuri ya asubuhi ilitokana na nini?" iliuliza Sauti.

"Alidhani kazi imekwisha. Haijaisha."

Shanga hazikuwaka.

"Kuna kazi iliyokamilika ambayo haimo kwenye hazina?"

"Hakuna."

Hazikuwaka.

"Uzito wa sasa wa kazi hii kwa mchora mwendo?"

"Kumi."

"Kwa punda anayetembea?"

"Kwa punda huyo."

"Kumi haijawahi kupokewa kwa kazi ya aina hii. Eleza."

"Nenda kamtengeneze wewe," alisema Subilaga, "halafu uje unieleze."

Taa ikageuka kijani. Sakafu ikabaki pale ilipokuwa.

Kephas alichora punda duru ile yote. Alikuwa punda mzuri, aliteleza panapoteleza na kusimama panaposimamika, na Makao yakampokea bila neno. Wajaribu mchezo walisema hana kasoro. Baba Ipyana alikwenda kumrekodia tope, akarudi na mafua, akalalamika kwamba punda siku hizi hawana uzito.

Muda ukapita. Asubuhi moja Subilaga alikuwa anapita ukumbini na chupa ya chai, akasikia ndani ya chumba cha kazi Lugano anacheka. Hakuwa anacheka maharage. Alikuwa anacheka kama mtu aliyeshika ukuta, na katikati ya kicheko sauti ya Kephas inasema, ngoja, ngoja, mwangalie sasa.

Sikio la Subilaga likaenda lenyewe. Mguu nao. Mlango ule ulifunguka wenyewe kwa kila mwenye shanga hai akiusogelea, kwa hiyo pale ofisini hakuna aliyekuwa na desturi ya kubisha. Hatua moja zaidi na angekuwa ndani.

Akarudi nyuma. Akarudi tena, mpaka maneno yakawa mvumo tu. Akakohoa, akaigonga chupa ukutani.

"Hodi," aliita.

Kicheko kikakatika. Kisha kiti kikaburutwa, na zipu ya begi.

"Hodi tena."

"Dada Subi?" Ilikuwa sauti ya Lugano, yenye mshangao. "Subiri kidogo."

"Nasubiri," alisema, akaupa mlango mgongo. "Msiharakishe."